Saba ya Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Mmekuja wangapi? Msianze kujihesabu, nyie! Sikilizeni kwanza.

Hapo zamani za kale, Mama Sisimizi aliokota kiwavi yatima, akamwita Tunu, akamlea shimoni mwake. Wenzake wakamwambia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Akawajibu, "Na mtoto wangu ni wangu."

Shimo lile lilikuwa na desturi. Mlangoni zilipangwa punje za mtama, kumi tu, na kila aingiaye alizihesabu kwa sauti. Tunu alikuwa balaa. "Nne, tano, sita, nane!" Saba aliiruka kila siku, akafika kumi na moja. Mama alimrekebisha, akamrekebisha, akamrekebisha, mwisho akaishia kucheka.

Siku moja Tunu akajifungia ndani ya kifukofuko mtini. Alipotoka alikuwa kipepeo. Wingu zito lilikuwa limetanda, na mbawa zake zilikuwa bado laini. Akakimbilia nyumbani.

Bawabu wa shimo akamzuia mlangoni. "Nani wewe?"

"Tunu."

"Tunu hana mbawa. Tunu hutambaa. Tunu ana miguu chungu nzima!"

"Ni mimi, Mjomba."

"Miguu si ile, macho si yale, rangi si ile. Kimebaki nini cha Tunu?"

Tunu akajitazama. Hata yeye hakujua kimebaki nini. Maskini, nilimhurumia! Tone la kwanza likampiga, akayumba. Mvua yenyewe ingemchana mbawa.

Mama akaja mbio. Akamtazama juu, akamtazama chini, asimtambue. Roho ikamuuma.

"Haya, mgeni," akasema, "hesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita... nane!"

"Mwanangu!" Mama akapiga kelele. "Ingia, mwanangu, ingia!"

Bawabu akaguna. "Lakini Mama, kakosea! Punje ni kumi."

"Ni kumi. Zilikuwa kumi kabla hajazaliwa, na zitakuwa kumi hata tukifa sote. Saba ipo, kwa atajaye na kwa asiyetaja. Lakini huyu nisipomwita, nani atamwita?"

Bawabu akasogea pembeni. Tunu akakunja mbawa, akaingia, na mvua ikashuka nyuma yake.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Nanyi mkienda kulala, hesabuni mkipita. Atakayekosea, nitajua ni nani.