Mchanga wa Kwanza wa Bihawa

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho nina swali, na sitaki kujibiwa kwa mikoromo.

Katika mji wa Kitongoi, Bihawa alizaa watoto watatu. Sikitu alijaliwa masikio: sisimizi akikohoa nyuma ya mlima, yeye humpa pole. Machano alijaliwa miguu: kivuli chake kilishazoea kufika nyumbani baada yake. Zawena, kitindamimba, alijaliwa ulimi: lugha ya watu akiilalia usiku mmoja, asubuhi anawatania wenyewe kwayo.

Jumbe wa mji huo alikuwa mla watu. Si kwa meno. Alikusanya vijana akawapeleka kuvunja mawe machimboni, na wachache mno walirudi. Zamu ilipofika mtaa wao, Zawena akasema, "Tuliite jeshi la ng'ambo ya mto."

"Mwanangu," Bihawa akamwambia, "anayekuja kukuulia nyoka chumbani kwa shoka, hakuachii kitanda."

"Kitanda tutachonga kingine, mama. Watu je?"

Bihawa akaendelea kusonga ugali. Hakukubali, wala hakukataza.

Basi Sikitu akalaza sikio ardhini, akasikia kwamba walinzi wa jumbe, kila wanapopiga kambi, hupiga ngoma wasisinzie.

Machano akambeba Zawena mgongoni, akavuka mto na nyika, ugali aliouacha nyumbani haujapoa.

Na Zawena akasimama mbele ya jemadari wa kigeni, akatafsiri: "Ngoma inapolia, ndipo adui alipo."

Jeshi likaja. Jumbe akatoroka, machimbo yakafunguliwa, vijana wakatoka wakikinga macho yao na jua. Lakini huko Kitongoi, mgeni haingii mjini kimyakimya. Hata usiyempenda hupokewa kwa ngoma. Bihawa, ambaye hakuwataka wageni wale, akajifunga kanga, akawatangulia wanawake wenzake njiani, ngoma kiunoni.

Askari wakaisikia. Wakapiga hapo, na Bihawa akaanguka.

Kwa watu wa Kitongoi, mchanga wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto asiye na mkono katika kifo cha mzazi. Asipopatikana, kaburi halifukiwi.

"Mimi nilisikia tu," Sikitu akasema. "Nilizosikia zilikuwa ngoma za walinzi."

"Nami nilibeba tu. Mguu haujui ulichobeba."

"Kwa hiyo ni mimi?" Zawena akauliza. "Nilisema mlichonipa, sikuongeza hata silabi."

"Nani kakutaja?" Sikitu akauliza.

"Mnanitazama."

Jemadari akaja, kofia mkononi, akazungumza kwa lugha yake. Zawena peke yake ndiye aliyemwelewa. Ikambidi atafsiri neno kwa neno mbele ya sanda ya mama yake: "Anasema mlituita, tukaja. Mlituonyesha pa kupiga, tukapiga. Anasema leo kuna akina mama wengi wanaowalisha watoto wao waliodhaniwa wamekufa. Anauliza, je, naye anaruhusiwa kutupa mchanga?"

Jirani yao, ambaye mwanawe alikuwa ametoka machimboni, akajifunika uso kwa ushungi. Alikuwa analia, na alikuwa na furaha, na alijionea haya.

Jua likainama. Ndugu watatu na jemadari wamesimama, kila mmoja na mchanga kiganjani, na Bihawa anangoja chini.

Haya, msinitazame mimi, mimi kazi yangu ni kusema. Nani afungue kiganja kwanza? Na ungekuwa wewe ndiye Zawena, siku ile ya zamu, ungewaita wale watu au ungenyamaza? Je, wewe ungeamua vipi?