Ng'ombe Aliyeletwa na Njiwa

Sogeeni karibu, nina kesi. Jibu lake sina, kwa hiyo msinidai. Nilicho nacho ni watu watatu na ng'ombe mmoja.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Chilongani. Kipaji chake kilikuwa macho. Akiwaona njiwa wakipita juu asubuhi, aliweza kusema wamelala wapi, watakunywa maji wapi, na kesho watatua shamba la nani. Marehemu baba yake alimwonyesha korongo moja lenye migunga mingi, ambako njiwa hulala maelfu kwa maelfu, akamwambia, "Hapa usimlete mtu. Siku njiwa watakapojua kwamba tumepajua, watahama."

Wa pili aliitwa Mbeleje. Kipaji chake kilikuwa midomo. Alikunja viganja vyake, akavipuliza, na njiwa wa kweli wakamjibu. Tena alichonga njiwa wa vibuyu, akawapaka majivu, akawapanga shambani. Wale waliopita juu walidhani wenzao wanakula, wakashuka.

Wa tatu aliitwa Sechelela, mjane wa mdogo wake Chilongani. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyemo, ambaye meno yake yalikuwa bado hayajatimia. Kipaji cha Sechelela kilikuwa sauti. Mtama ulipoanza kukomaa, alipanda juu ya dungu katikati ya shamba, akapiga ukelele mmoja, na ndege wakaondoka shambani kwake, na kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Wengine walihitaji makombeo na mabati ya kugonga. Yeye alifungua kinywa tu.

Chilongani na Mbeleje waliishi kwa njiwa. Kila mwaka wakati wa mavuno walikuja wageni wenye vibali na bunduki za marisau. Chilongani aliwaongoza, Mbeleje aliwaitia ndege, na kwa kazi hiyo watoto wao walivaa viatu.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atafika baada ya siku tatu. Anataka njiwa mia kwa siku moja. Akiwapata, mwakani ataleta wenzake. Asipowapata, atakwenda kutafuta kijiji kingine.

Chilongani akatazama angani siku nzima. Jioni akamwendea shemeji yake, pamoja na Mbeleje.

"Shemeji, shamba lako liko katikati ya korongo na bwawa. Njiwa wote wanapita juu yako."

"Najua. Ndiyo maana sina sauti jioni."

"Nakuomba unyamaze."

Sechelela akacheka. "Ninyamaze vipi, na mtama umeiva?"

"Siku tatu tu," akasema Mbeleje. "Njiwa wakizoea kwamba hapa hawafukuzwi, watakuja wote. Watakula pembeni kidogo, mgeni atapiga, nawe utapata fungu lako sawa na sisi."

"Na wakila mpaka katikati?"

"Mama Nyemo, njiwa ana tumbo kubwa kiasi gani?"

Sechelela akamtazama Nyemo, ambaye siku hizo alikuwa akinywa uji usio na maziwa, akakubali.

Siku ya kwanza wakaja njiwa ishirini. Siku ya pili wakaja mia mbili. Siku ya tatu hawakuhesabika, na mgeni hakufika. Gari lake lilivunjika springi njiani.

Siku ya nne Sechelela alisimama juu ya dungu na kuvuta pumzi. Chilongani akapanda mbio, akamshika mkono.

"Shemeji, ukipiga ukelele mmoja tu, hawatarudi tena. Siku zako tatu zitakuwa zimeliwa bure."

Akaitoa ile pumzi polepole, akakaa. Siku ya tano akakaa. Siku ya sita akamfunga Nyemo mgongoni akamwambia asilie, naye Nyemo hakulia. Majirani walivuna kwa raha mwaka huo, maana ndege wote walikuwa kwa Sechelela. Siku ya saba mgeni akafika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kesi ilipo.

Bunduki ilipolia mara ya kwanza, njiwa wote waliruka wakarudi korongoni. Wakabaki kumi chini, wamekufa. Mgeni akatazama saa yake. Chilongani akashuka korongoni, ambako baba yake alimkataza asilete mtu, akawasha majani mabichi, moshi ukapanda kwenye migunga. Njiwa wakatoka kama vumbi. Madereva wa mgeni waliona, na watoto waliokuwa wakitazama waliona. Bila Chilongani, njiwa wangelala huko mpaka kesho.

Walipofika juu ya shamba walizunguka kwa hofu, hawataki kutua. Mbeleje alikuwa amejificha kwenye kibanda cha mabua, karibu kabisa na vibuyu vyake. Akapuliza viganja, akaita, akaita, mpaka wakaanza kushuka. Mmoja akapita chini sana, mgeni akamfuata na mtutu, na marisau machache yakaingia kibandani. Moja likapasua mdomo wa juu wa Mbeleje. Akaubana kwa kitambaa, akaendelea kuita na damu ikimtiririka kidevuni, kwa sababu njiwa walioanguka walikuwa themanini na watatu tu. Bila Mbeleje, njiwa wangepita kwenda bwawani.

Nao walitua pale, wala si penginepo, kwa kuwa kwa siku saba walijua kwamba shamba lile halina mtu mkali. Walilijua kama nyumbani. Bila Sechelela, wasingetua.

Mgeni akapata njiwa mia na wanne. Akapiga picha. Akachukua sita wa kula njiani. Kisha, kwa kuwa aliambiwa kwamba Wagogo huheshimu ng'ombe, akaleta ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, aliyemnunua mnadani. Akaweka kamba chini mbele yao watatu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Ng'ombe huyu, wa yule aliyenipa njiwa. Asante sana." Akapanda gari.

Wakabaki wanaitazama kamba.

Wanawake walikuwa wamekaa wakinyonyoa njiwa. Sechelela akaketi nao. Akampasua njiwa wa kwanza, na kifuko chake cha shingoni kilikuwa kimejaa mtama, mzima, haujasagika hata punje. Akaumimina kwenye ungo. Akampasua wa pili, wa tatu, wa kumi, wote. Halafu akainuka, akauweka ungo mbele ya wanaume wawili. Katikati ya punje yalionekana marisau meusi.

"Haya ndiyo mavuno yangu," akasema. "Shambani yamebaki mabua. Ng'ombe ni wangu."

Mbeleje akajibu kwa taabu, maneno yakimvuja pembeni mwa mdomo. "Mama Nyemo, wewe mwakani utalima. Mimi mdomo huu nitaulima wapi? Tazama." Akakunja viganja, akapuliza. Ukatoka upepo tu. "Nina watoto wanne, na kazi nyingine sijui."

"Mwenzangu, wewe na yeye mlichopoteza kinaonekana," akasema Chilongani. "Changu hakionekani."

"Wewe umepoteza nini?" Mbeleje akamkaripia. "Macho unayo. Miguu unayo. Moshi tu ndio uliokutoa machozi!"

"Kesho nendeni korongoni."

Wakaenda. Migunga ilikuwa mitupu. Walikuta manyoya na kinyesi kikavu. Hata keshokutwa hakukuwa na njiwa, wala wiki iliyofuata. Chilongani akakaa juu ya jiwe, akasema, "Baba aliniachia kitu kimoja tu. Sasa na macho yangu, nitatazama nini?"

Wakaita majirani waamue. Wengine wakasema apewe Mbeleje, maana damu ilimwagika. Wengine wakasema apewe Chilongani, maana bila yeye hata mgeni asingekijua kijiji. Na wale waliopakana na Sechelela, ambao maghala yao yalijaa mwaka huo, mmoja wao akasema, "Yeye alifanya nini? Alikaa tu. Hakuna aliyemziba mdomo."

Sechelela akafungua kinywa kumjibu. Sauti ile iliyokuwa ikiondoa ndege mashamba matatu, siku hiyo haikutoka.

Wakafikiri kumuuza ng'ombe wagawane. Lakini mwaka ule mnadani bei ilikuwa chini, na fungu la mmoja lisingelisha nyumba hata mwezi. Wakafikiri kumkamua kwa zamu, wakagombana nani aanze. Mwishoni wakapatana jambo moja tu: asiuzwe wala asikamuliwe mpaka kesi iishe.

Basi mpaka leo ng'ombe amefungwa kwenye mti, pale nyumba tatu zinapotazamana. Chilongani humpeleka malishoni, kwa sababu hana njiwa wa kufuata. Mbeleje humchotea maji, akinywa naye kwa upande mmoja wa mdomo. Sechelela hufagia samadi, na Nyemo yuko mgongoni.

Kila asubuhi ndama ananyonya mpaka povu linamtoka mdomoni. Nyemo anatazama.

Kamba ni moja, nami nimeileta mbele yenu. Chilongani, Mbeleje, Sechelela: ninyi mnaonisikiliza, mngeiweka mkononi mwa nani? Na wale wawili watakaobaki mikono mitupu, mngewaambia nini?