Zamu ya Kusugua Tangi

Mwanamke mmoja alikuwa na mjukuu wa mwaka mmoja, na mjukuu huyo alikuwa akiharisha. Mwanamke aliitwa Nakijwa, wa kijiji kimoja cha milimani, na alijua vizuri kabisa ugonjwa umetoka wapi. Ulitoka bwawani, kwenye maji ya ng'ombe. Chemchemi ya kijiji ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sekiteu.

Msidhani Sekiteu aliiba. Alipewa. Zamani wanakijiji walikuwa na zamu: kila Jumamosi nyumba mbili ziliingia na brashi kwenye tangi la chemchemi, zikasugua ukoko wa kijani na kuzoa matope. Kazi ya baridi, tena ya kuvunja mgongo. Basi huyu akawa na msiba, yule akawa na mgeni, na Nakijwa mwenyewe, tuseme ukweli, akawa na kiuno kinachouma Jumamosi tu. Tangi likaota majani. Sekiteu alipojitolea kulisafisha peke yake, mradi aachiwe mlango, walimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mwaka wa kwanza alifungua asubuhi na jioni. Mwaka wa tatu akaanza kufyatua matofali, na matofali hunywa maji kuliko watu. Mwaka wa tano alifungua akikumbuka.

Siku mtoto alipolegea mikononi mwake, Nakijwa hakulia. Alikasirika. Alimbeba mgongoni akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliyomwona mtoto ilitoka. Kufika chemchemini walikuwa kijiji kizima, wanawake wakipiga vigelegele, wanaume wamepandwa na mori, mashoka juu. Moyo wa Nakijwa ulidunda kwa furaha hata akasahau umri wake.

Sekiteu hakukimbia. Alifungua kufuli, akainua ufunguo watu wote wauone.

"Haya, chukueni," alisema. "Jumamosi hii nani anaingia kwenye tangi?"

Mmoja akalitazama shoka lake, mwingine akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Nakijwa aliona kana kwamba kufuli linarudi mlangoni bila mtu kuligusa, na aibu ikamshika mpaka masikioni. Akamkabidhi jirani mtoto, akavua kandambili, akakunja kanga magotini.

"Jumamosi ni mbali," alisema. "Mimi naingia sasa."

Akaingia. Jirani akampa mwingine mtoto, naye akaingia. Wakafuata wenye mashoka, wakisukumana kama wanaogombea pilau ya harusi, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba waliung'oa wapate kupita. Ufunguo ukabaki mkononi mwa Sekiteu bila kazi. Walisugua huku wakiimba, wakirushiana matope, wazee kwa vijana, na tangi lilipojaa tena, maji yalionyesha kila kijiwe kilichokuwa chini. Nakijwa alimnywesha mjukuu. Mtoto akamaliza kikombe, akalilia kingine.

Zamu zilipopangwa, mama mmoja aliyesahauliwa alifoka karibu apigane. Sekiteu naye aliomba zamu, akapewa kama mtu mwingine yeyote, na matofali yake yakasubiri.

Nanyi mliokuja hapa leo mkidai maji yenu kwa sauti kubwa hivi, mmeshavua viatu?