Kwa Nini Irindi Haipandwi Kimya

Zamani, kilima hiki cha Irindi kilipandwa kimya. Najua ni vigumu kwenu kuliamini hilo, maana nimewasikia tangu kule kwenye migomba ya chini, mkihema na kulaumiana ni nani aliyesema njia hii inafaa kwa baiskeli. Siku hizo mtu alipanda kona zote saba bila kukohoa. Wazee wetu wa hapa Upare walikuwa wamekimbilia juu kwa hofu ya watekaji waliotoka nyikani, wakajenga ngome hii ya mawe mnayoipiga picha, na sheria yao ya kwanza ilikuwa ya ulimi. Bonde hili lina mwangwi. Neno moja lingetamkwa njiani, adui aliyelala kichakani angejua njia inapita wapi.

Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote alikuwa Mrutu, mkuu wa walinzi. Msicheke, lakini inasemwa aliwahi kumkalisha mtu nje ya lango kutwa nzima kwa sababu alipiga chafya kona ya nne. Watu walimwogopa, na usingizi waliupata kwa sababu yake. Mkewe aliitwa Nakijwa, naye alipenda kuzungumza, kwa hiyo nyumba yao haikukosa maneno.

Sasa tazameni pale juu ya kona ya mwisho. Hapo palikuwa na lundo la mawe, makubwa kama mitungi ya pombe, yamezuiwa kwa gogo, na gogo limeshikwa na kabari moja ya mti. Ukiing'oa kabari, mawe yote yanateremka njiani. Aliyekuwa zamu alikaa ameshika kabari, akitazama bondeni.

Mwaka mmoja chumvi iliisha. Mrutu akachukua watu watano, akiwemo mdogo wake Kiondo, wakashuka nyikani kuitafuta. Walisema watarudi siku ya nne. Siku ya nne ikapita. Siku ya tano moshi ukaonekana kwenye kilima cha jirani, moshi mweusi wa mapaa yanayoungua, na tangu hapo hakuna aliyeshiba ngomeni. Akina mama waliwafunga watoto mgongoni hata walipokuwa wakipika, ili wakiambiwa wakimbie wasianze kutafutana. Wanaume waliobaki walikuwa wazee na wagonjwa, hivyo zamu ya mawe wakapewa wanawake.

Siku ya saba, adhuhuri, zamu ilikuwa ya Nakijwa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi nusu ya kilima. Mama mkwe wake, Nanzia, alikaa kando yake akichambua mboga ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzila. Ndipo watu wakatokea kwenye ukungu, kona ya tano, mmoja nyuma ya mwingine. Nakijwa aliwahesabu. Walikuwa tisa, na walioondoka walikuwa sita. Kila mmoja alikuwa na ngao kubwa iliyomfunika kichwa na mabega.

"Mwanangu, ng'oa," Nanzia alisema.

"Mama, huenda ni wao."

"Wetu ni sita, na hawakuondoka na ngao. Ng'oa kabla hawajafika langoni. Watoto wako nyuma yako."

Nakijwa alikuwa na watoto wawili kati ya hao. Aliikaza mikono kwenye kabari. Waliokuwa chini wakapita kona ya sita, nyayo zao hazisikiki. Hapo akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa Irindi. Alisimama ukutani, akapaza sauti.

"Ninyi ni nani?"

Mwangwi ukampelekea swali lake bondeni na kumrudishia. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya kulia: "Semeni ninyi ni nani, nawaomba." Wale watu wakaendelea kupanda, kimya, wakaingia kona ya mwisho. Nakijwa akaivuta kabari.

Mawe yalipotulia, sauti zikaanza, na zilikuwa zikilia kwa Kipare. Zile ngao zilikuwa ngozi za ng'ombe zilizokauka, walizozipata pamoja na chumvi, wakajifunika kwa sababu ya manyunyu. Watatu walioongezeka walikuwa mashemeji zao kutoka kilima kile kilichoungua, wanakuja kuomba pa kulala. Ukiwa juu hukuona uso wa mtu, uliona mzigo tu. Watu wanne walikufa pale, na Mrutu, aliyetangulia, alikuwa mmoja wao.

Nanzia alilia siku nyingi, lakini hakumlaumu mkaza mwanawe, maana amri aliitoa yeye. Nakijwa hakulia. Alikuwa na swali moja tu, na Kiondo alipopata nafuu, mguu umefungwa kwa vijiti, alimwendea akamuuliza.

"Shemeji, niliita. Hamkunisikia?"

Kiondo akamjibu. "Tulikusikia. Kaka aliijua sauti yako mara moja. Alitugeukia akicheka, akaweka kidole mdomoni tusije tukavunja sheria. Alisema kwa kunong'ona kwamba akifika juu atamgombeza huyu mwanamke."

Nakijwa aliinuka, akaenda kwenye kona ile. Alibeba jiwe moja baada ya jingine hadi kwenye mashamba ya chini, na siku ya pili wengine wakamfuata bila kuitwa, mpaka lundo likaisha. Kisha akaomba zamu ya kona iwe yake maisha yake yote, wakampa.

Na tangu siku hiyo, anayepanda Irindi husimama kona ya mwisho, hutua mzigo, hufunua kichwa na kuinua uso, akataja jina lake na la aliyemzaa. Aliye juu humjibu, "Nimekusikia, panda." Asipojibiwa, hasogei. Ndivyo bibi yangu alivyofanya, na mama yangu, na leo zamu ni yangu.

Watano kati yenu mlitaja majina vizuri nilipowaita, nikawajibu. Lakini wewe mwenye kofia ya bluu ulipita na nyuzi za muziki masikioni, umeinamisha kichwa, na mimi nakuita mara tatu. Hapa hapajabaki hata jiwe moja la kuteremsha, mjukuu wangu, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo ilinibidi nikae chini.

Shuka mpaka kona. Vua kofia, inua uso, uniambie wewe ni nani. Nakusubiri.