Gari la Mikate

Uwanja wa magari ulikuwa umemwagwa kokoto, na juu ya kokoto hizo yalisimama magari mawili yaliyokuwa yamemchanganya kichwa Fundi Sofa kwa muda wa wiki nzima. La kwanza lilikuwa krosova jeusi, limeinuka juu kama gari la porini, lina viti saba vya ngozi na taa kali kama macho ya paka. La pili lilikuwa minivani jeupe, refu, lililoinama karibu na ardhi, milango yake ya kando ikifunguka kwa kusukumwa. Sura yake, tusifichane, haikuwa ya kumtoa mtu udenda.

Kungoja kusingewezekana. Gari lao dogo lilikuwa limekata roho barabarani mwezi uliopita. Nyumbani walikuwa sita: Fundi, mkewe aliyekuwa mwalimu, watoto watatu na mama yake Fundi, na mimba ya mkewe ilikwisha ingia mwezi wa saba. Huyo mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, figo zake zilikuwa zimechoka. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tano alitakiwa awe hospitali, kando ya mashine, damu yake isafishwe. Daktari hakupepesa macho alipowaambia: akikosa hata mara moja, maji yatapanda kifuani, na hapo hatuna ahadi. Juu ya hayo, mguu wake wa kushoto haukukunjika tangu alipovunjika goti. Ulinyooka kama mwiko.

"Mimi naona tuchukue hili jeupe," Mwalimu alisema.

"Hili? Mke wangu, hili ni gari la kusambazia mikate. Nikipita nalo mbele ya karakana, mafundi wenzangu wataniagiza mkate wa siagi."

"Tutakuwa saba, baba watoto. Na Bibi?"

"Hata hili jeusi lina viti saba. Kwani hujui kuhesabu, na ualimu wako wote huo?"

Wanunuzi wa uwanja ule walikuwa na desturi yao. Mtu alifungua boneti, akapiga teke matairi, akasikiliza injini huku ameinamisha kichwa kama daktari, kisha akaketi nyuma ya usukani na kukunja uso. Akitoka hapo amekwisha kata shauri. Kiti cha nyuma hakikaliwi na mnunuzi. Kukikalia ni kujitia ushamba. Fundi alifuata desturi hiyo hatua kwa hatua. Alipoketi kwenye usukani wa krosova, alijiona ameongezeka urefu.

"Hapo umekaa, bosi," dalali alisema. "Lichukue ukalijaribu. Ijumaa saa sita unipe jibu. Ila hili jeupe kuna mtu analinyemelea, nisikufiche."

Tangu azaliwe hakuna aliyemwita bosi. Neno lile lilimwingia kama asali.

Jumatano watoto walirundikana viti vya mwisho, maana walikuwa likizo. Binti mkubwa alilalamika kwamba magoti yanamgusa kidevu. Baba yake alimjibu kuwa safari ni fupi. Walipofika mbele ya lango la hospitali, Mwalimu alishuka kumsaidia mkwewe, aliyezoea kukaa nyuma ili aunyooshe mguu juu ya kiti. Fundi alibaki kwenye usukani. Gari lile lilikuwa na kioo kidogo, kama cha simu, kilichoonyesha kila kitu kilicho nyuma ya gari, na yeye alikuwa akikichezea, akilisogeza gari mbele kidogo, nyuma kidogo, aone mistari ya kijani inavyopinda.

"Simama, unamwangusha!" Mwalimu alifoka.

Fundi alikanyaga breki. Alipogeuka, mama yake alikwisha simama chini, ameshika khanga yake kiunoni kwa mikono miwili, uso ameuelekeza ukutani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakitazama pembeni, kama watu wanaotazama pembeni kwa makusudi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," Bibi alisema. Wakati wa kurudi hakufungua mdomo njia nzima.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, alifungua mdomo. "Leo siendi."

Fundi alidhani amesikia vibaya. Bibi alikuwa ameketi kitandani, hajavaa nguo za kutokea. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimeumuka.

"Mama, daktari alisema..."

"Nimemsikia. Nimechoka na masindano yake. Mtu akichoka anapumzika. Niacheni nipumzike."

Alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Alipiga magoti sakafuni kama mtoto aliyevunja sahani. Bibi aligeukia ukuta. Fundi alitoka chumbani mbio, kwa kuwa alijua maana ya neno lile. Mama yake hakusema hataki kwenda hospitali. Alisema hataki kuishi, na yeye alishindwa hata kujua kosa limetoka wapi.

Jikoni alimkuta mkewe ameegemea meza, macho mekundu.

"Wewe unajua kitu," alimwambia. "Niambie."

"Aliniapisha. Ni mama mkwe wangu, siwezi kumvua nguo mara ya pili." Alipogundua alichosema, aliziba mdomo. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Nina swali. Mteja akija kwako kuchukua sofa, unamfanyia nini?"

"Sasa mambo ya sofa yanatoka wapi?"

"Nijibu."

"Namkalisha. Robo saa. Sofa halinunuliwi kwa macho."

"Haya. Twende nje."

Mkononi alikuwa na vipande viwili vya mbao na mkanda mpana wa kufumia viti, vyote amevitoa karakanani. Uani, kando ya krosova linalong'aa, alimfunga mumewe mguu wa kushoto, mbao moja kila upande wa goti, akakaza hadi Fundi akauma meno. Halafu akamfungulia mlango wa nyuma.

"Ingia."

"Mke wangu, saa zinakwenda."

"Ndiyo maana nasema ingia."

Fundi alitanguliza mguu mzima. Uliobaki chini ukakataa kufuata. Akajaribu kuanza kwa makalio, akakuta kiti kiko juu ya kiuno chake. Akarukaruka kwa mguu mmoja, akashika mlango, mlango ukamkimbia. Mara ya tatu alilala kifudifudi juu ya kiti, shati limepanda mgongoni, suruali imeteremka, nusu yake ndani na nusu yake nje hadharani. Jirani aliyekuwa akianika nguo alicheka hadi akaangusha beseni.

Fundi hakucheka. Alibaki vile vile, shavu kwenye ngozi ya kiti, akamwona mama yake. Aliiona ile khanga ikimvuka mbele za watu, kisha ikishikwa kwa mikono miwili. Aliwaona wale wa kwenye benchi. Na yeye, mwana wa pekee, alikuwa hatua mbili mbele akitazama mistari ya kijani. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

"Nifungue," alisema. "Saa ngapi?"

"Nne kasoro kumi. Ikifika saa tano na nusu hayupo, kiti chake anapewa mwingine hadi Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa mbali kama mwaka ujao. Fundi aliendesha krosova hadi uwanjani akipiga honi kwa kila kilichotembea. Alipofika, alishuka mbio. Boneti ya minivani ilikuwa wazi, na mzee mmoja mnene alikuwa akiyapiga teke matairi yake.

"Bosi, umeamua?" dalali aliuliza.

"Nataka jeupe. Sasa hivi."

"Ah, umechelewa kidogo. Mzee huyu..."

Fundi alimwendea yule mzee. Hakuwa na muda wa kujitafutia heshima. "Mzee wangu, mama yangu anakufa kwa sababu mimi nilitaka gari lililoinuka juu. Niachie hili. Nakuomba kama ninavyomwomba baba."

Mzee alimtazama toka juu hadi chini. Labda aliona alama za mkanda kwenye suruali, labda aliona macho yake. Alifunga boneti taratibu. "Na mimi mke wangu alilikataa," alisema. "Anasema linafanana na la mikate."

Saa tano kamili minivani liliingia uani. Fundi hakwenda kumbembeleza mtu. Aliusukuma mlango wa kando mbele ya dirisha la Bibi, akauokota ule mkanda, akajifunga mbao upya. Pazia lilisogea. Alirudi kinyumenyume hadi sakafu ya gari ikamgusa nyuma ya miguu, akaketi, akajisogeza, akauvuta mguu ulionyooka, ukaingia wote bila kuomba msaada. Alishuka, akaingia tena.

Bibi alitokea mlangoni na fimbo yake.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimekaa."

Bibi alimgeukia mkwewe. Mwalimu aliinamisha macho. Bibi akarudi ndani. Zilipita dakika nne, ndefu kama msiba. Bibi alitoka amevaa gauni lake la kutokea.

"Sogea," alimwambia mwanawe. "Umekaa mahali pangu."

Aliketi, akajisogeza, akauvuta mguu. Hakuna mkono uliomgusa. Hospitalini walifika saa tano na dakika ishirini na nane, mgonjwa mwingine akiwa amekwisha simama karibu na kiti. Muuguzi aliwakaripia kama watoto watoro, akamwingiza.

Fundi alisubiri kwenye lile benchi la nje saa nne nzima. Mafundi wawili kutoka karakana walipita, wakaliona gari, wakamwona na yeye.

"Fundi, mikate ipo?" mmoja alimtania.

"Ipo," Fundi alijibu. "Lakini usiitazame kutoka hapo. Ingia, kaa nyuma kwanza, ndipo uongee."

Hakuwa akitania. Alikuwa amelilipia neno hilo kwa hofu ambayo hakumtakia hata adui, na sasa alilijua kwa mbavu zake mwenyewe: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.