Furu wa Mzee Masalu

“Maji meupe si maji mapevu.” Leo mmemsikia mwenyekiti akimjibu hivyo yule aliyechimba choo kimoja kisha akaomba kura. Mkacheka, na sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Ilianzia hapa hapa nyumbani, wajukuu zangu, na aliyeisababisha ni mimi bibi yenu. Nimechoka kuisimulia, lakini kaeni.

Baba mkwe wangu, Mzee Masalu, alikuwa na furu kumi na wawili ndani ya pipa nyuma ya jiko. Furu ni samaki wadogo wa ziwa letu, ila kwenye ghuba yetu sangara alikwisha kuwamaliza. Hao kumi na wawili mzee aliwakuta kwenye kidimbwi katikati ya mawe, akawa anawalea wazae ili siku moja awarudishe ziwani. Maji ya pipa yalikuwa ya kijani na yalinuka. Kila baada ya siku mbili niliyapunguza, nikapanda mlima na ndoo kichwani kuleta mengine. Mgongo wangu haujasahau.

Mume wangu akaleta tangi la kioo kutoka Mwanza, lina pampu ndogo na sponji ya kuchujia. Nikajua taabu imekwisha. Mzee akalijaza maji, akatumbukiza dagaa wawili waoze humo, kisha akakataza samaki kuingia.

“Tangi jipya ni mzazi,” alisema. “Lina arobaini yake.”

Kila asubuhi alichota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa aliyopewa na bwana samaki. Wiki ya kwanza iligeuka kijani, maana yake kuna amonia, sumu ya uozo. Mzee alisema kwenye sponji vinaota vijidudu visivyoonekana, navyo ndivyo vitakavyoila. Mimi nilitazama maji, nikayaona meupe pe, nikamwona mzee anajichosha bure.

Siku ya ishirini na mbili alikwenda msibani. Nikapima mwenyewe, dawa ikabaki njano. Amonia hakuna! Kesho yake wageni wa posa walikuwa wanakuja kwa wifi yangu, na pipa lile lilinitia aibu. Nikawahamisha furu wote, nikamwaga maji ya pipa, nikalisugua kwa sabuni, kisha nikajilaza. Tangu niolewe sikuwa nimelala mchana.

Mzee aliporudi alasiri, furu walikuwa wamepanda juu wanatweta.

“Kabula, chupa ya pili ulipima?”

“Ipi tena, baba?”

Akachota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya chupa ya pili. Maji yakawa zambarau.

“Vijidudu vikila amonia, vinaacha sumu nyingine,” alisema. “Vya kuila hiyo ndiyo kwanza vinaota.”

“Basi tuwarudishe kwenye maji yao, baba.”

“Yako wapi?”

Nikamwonyesha pipa. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi kwenye majani, linang’aa. Mzee alikwenda jikoni, akaleta chumvi ya kupunguza makali ya sumu, akaitia kwenye tangi, nami nikashika ndoo. Nilishuka na kupanda mlima ule mpaka miguu ikakataa, tukawa tunamwaga maji na kuongeza mapya, na bado walikufa mbele ya macho yetu.

Asubuhi walibaki watatu, wekundu wenye buluu mapezini. Wageni waliwasifu sana.

“Mzee, una samaki wazuri!”

“Ni madume,” alijibu. “Majike ndio wale wa kijivu.”

Wale wa kijivu walikuwa nje kwenye jani la mgomba, pamoja na madume wengine. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nikakosa pa kuuweka uso.

Siku ya arobaini chupa zote mbili zilitulia, hazikuonyesha sumu yoyote. Maji yalikuwa meupe vile vile kama siku ya kwanza, jicho lisingeona tofauti. Madume wale watatu waliishi humo miaka minne, wakifukuzana bila mwenza, kisha wakafa mmoja mmoja. Tangu hapo hakuna aliyeona furu kwenye ghuba hii.

Mzee hakunigombeza hata siku moja. Laiti angenigombeza, ningepumzika. Kila mgeni aliposimama mbele ya tangi akasifu jinsi maji yalivyo safi, yeye alimjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila kunitazama: “Maji meupe si maji mapevu.”