Jina la Siku ya Saba

Mwindaji mmoja alikuwa na mkuki mkubwa na jina dogo. Mkuki, wenye ncha ya jiwe, aliurithi kwa babu yake. Jina lake lilikuwa Paa, kwa kuwa katika ukoo wao mtoto hupewa jina la mnyama aliyepikwa siku ya saba baada ya kuzaliwa, na siku yake ya saba baba yake alirudi na paa.

Mkewe alipojifungua mtoto wa kiume, shemeji yake, mtu asiyeweza kuuzuia mzaha, alimwuliza mbele ya watu, "Shemeji, na huyu tumwandalie panya?" Watu wakacheka. Paa akauchukua mkuki.

Kabla hajatoka, mama yake, mtunza majina ya ukoo, aliyataja kama ilivyo desturi, akianza na wa kale. Ndovu, babu. Kifaru, ndugu wa babu. Nyati, baba. Kongoni, ami. Paa. Sungura, mdogo wake Paa. Kisha akasema, "Mwanangu, hakuna mtu mmoja aliyewamaliza wale wanyama wakubwa. Kila baba alikuwa na sababu, na kila sababu ilitaka mnyama mmoja tu."

Paa aliyasikia, lakini miguu yake ilikuwa njiani.

Siku ya tatu, kwenye dimbwi lililo nyuma ya vilima, aliona kile ambacho hakuna wa rika lake aliyepata kukiona. Ndovu jike alikuwa anakunywa, miguu imezama matopeni. Upepo ulimjia Paa usoni, hakunuswa. Akauinua mkuki. Tayari alikuwa akilisikia jina la mwanawe likitajwa, na shemeji akikosa la kusema.

Ndipo ndama akatokea chini ya tumbo la mama yake.

Sungura huzaa na kuzaa tena kabla mvua haijakatika. Ndovu hubeba mimba moja karibu miaka miwili. Paa alilijua hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kulijua akiwa na mkuki mkononi. Mama huyu akianguka, ndama naye hataishi, na jina litabaki bila mwenyewe. Njaa ilikuwa kali. Akaushusha mkuki. Walipoondoka, akachota tope la unyayo wa yule mama, akalitia kibuyuni.

Siku ya saba alifika nyumbani. Wanawake walikuwa wamechemsha mizizi.

"Shemeji, meno tumeshayanoa. Nyama iko wapi?" yule shemeji akauliza.

"Inatembea," Paa akajibu, "na mwanawe yuko nyuma yake."

Hakuna aliyecheka. Paa akampa mama yake kibuyu, akamsimulia ya dimbwini. Mama yake akachovya kidole kibuyuni, akampaka mtoto tope kwenye paji la uso, akamwita Ndovu.

Tangu hapo ukoo ule uliyatafuta majina katika nyayo, si katika vyungu. Vyungu waliviachia sungura na kanga, na jike mwenye ndama hakuguswa. Yule mtoto aliyeitwa Ndovu alipozeeka na kuota mvi, alimpeleka mjukuu wake wa kike nyuma ya vilima. Dimbwini walikuwako ndovu kumi na mmoja. Mtoto akauliza yupi ndiye mwenye jina la babu, na mzee akashindwa kumchagua, kwa wingi wao.

Nanyi mnaosikia, jina mlilompa mwanenu, mwenyewe wa porini bado anatembea?